Mwongozo kamili: kukuza fuwele za kalsiamu kaboneti chini ya utando wa asidi ya steariki

Wengi wanaojaribu kazi hii hukwama palepale. Myeyusho wa kalsiamu unatengenezwa vizuri, asidi ya steariki inadondoshwa juu ya maji, sahani inafunikwa. Kesho yake wanakuta unga mweupe chini, ukoko ukingoni mwa kioo, na juu ya maji, pale ambapo fuwele zilitakiwa ziwe, hakuna cha maana. Wanarudia kwa kuongeza kalsiamu, na mambo yanazidi kuharibika.

Sababu karibu kila mara ni ileile. Fuwele huanzia mahali penye urahisi wa kuanzia: mkwaruzo wa kioo, chembe ya vumbi, unga wa glavu, mabaki ya sabuni. Kazi yako, tangu kuosha vyombo hadi kuzima pangaboi, ni kuondoa sehemu zote hizo ili ibaki moja tu, yaani ule utando wa molekuli juu ya maji. Ukilishika hili, hatua zote zinazofuata utazielewa bila kuzikariri.

## Kinachotakiwa kutokea ndani ya sahani

Molekuli ya asidi ya steariki ina mkia mrefu wa kaboni unaokimbia maji na kichwa cha kaboksili kinachoyapenda. Ukiitandaza juu ya maji, molekuli hujipanga zenyewe: vichwa majini, mikia hewani, zikasimama zimebanana. Unapata utando wenye unene wa molekuli moja, takriban nanomita 2.5. Kila molekuli huchukua eneo la nanomita za mraba 0.20 hivi, na namba hii utaitumia kwenye hesabu.

Vichwa vikipoteza protoni hubaki na chaji hasi na kuvuta ayoni za kalsiamu. Kwa hiyo, chini tu ya utando kalsiamu hujaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya sahani. Zaidi ya hapo, umbali kati ya kichwa na kichwa ni karibu nanomita 0.5, na ndani ya kalsaiti, moja ya fuwele za kalsiamu kaboneti, kuna tabaka ambamo ayoni za kalsiamu zimeachana kwa nanomita 0.499. Mpangilio wa vichwa unaikaribisha fuwele ianze kwa upande fulani badala ya kuanza ovyo.

Usiuchukulie utando huu kama kitu kigumu kisichobadilika. Vipimo vya eksirei vilivyofanywa juu ya maji yenyewe vimeonyesha kwamba molekuli nazo husogea na kujipanga upya madini yanapoanza kuota. Ndiyo maana asidi ileile inaweza kukupa kalsaiti leo na vateraiti wiki ijayo, kutegemea kiasi cha kalsiamu, mbano wa utando na kasi ya ukuaji. Zote mbili ni kalsiamu kaboneti, ila zimepangika tofauti ndani.

## Mahitaji

Kusanya kila kitu kabla ya kuanza, kwa sababu myeyusho ukishakuwa tayari haukusubiri.

- Asidi ya steariki yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi
- Klorofomu ya daraja la HPLC (safi sana), mililita 100
- Kalsiamu kaboneti ya daraja la uchambuzi, gramu 2.5
- Silinda ya kaboni dioksaidi, mpira, na chupa ya kuoshea gesi
- Maji yaliyokenekwa mara mbili kwenye mtambo wa kioo, au maji ya mashine yenye ukinzani wa megaohm-sentimita 18.2, angalau lita 5
- Potasiamu hidroksidi, ethanoli, asidi ya hidrokloriki
- EDTA ya moli 0.01 kwa lita (hushika kalsiamu wakati wa kuipima), mureksidi (kiashiria cha rangi), sodiamu hidroksidi
- Sahani 4 za kioo zenye kipenyo cha ndani cha sentimita 9 na kina cha sentimita 2 au zaidi
- Sirinji ya kioo ya mikrolita 100
- Chujio la mikromita 0.2, flaski zenye vifuniko vya kioo, vioo vyembamba vya kufunikia slaidi
- Hadubini, ikiwezekana yenye vichujio vya polaraizi
- Kafuri kidogo

Kuna vitu vinavyoonekana kufaa kumbe havifai. Maji ya betri yamekaa kwenye plastiki na hujui yamepitia wapi. Chaki ya ubaoni mara nyingi ni kalsiamu salfeti, si kaboneti. Chokaa ya matumbawe ina magnesiamu, nayo magnesiamu huzuia kalsaiti na kusukuma madini kuelekea aragonaiti, umbo jingine la kalsiamu kaboneti. Na asidi ya steariki inayouzwa kwa watengeneza sabuni, mishumaa na vipodozi kwa kawaida ni mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni asidi ya palmitiki.

## Hatua ya 1: Hakikisha asidi yako ni yenyewe

Pima joto la kuyeyuka kwa kapilari, yaani mrija mwembamba wa kioo. Asidi safi ya steariki huyeyuka kati ya nyuzi 69 na 70 za Selsiasi, tena kwa ghafla. Ikianza kulegea kwenye nyuzi 55 hivi na kuendelea polepole, hiyo ni ya sabuni. Molekuli zenye mikia ya urefu tofauti hazibanani sawasawa, na utando utakuwa na mapengo.

Ukiwa huna nyingine, isafishe kwa kuiyeyusha katika ethanoli ya moto na kuipoza taratibu, kisha upime tena. Hutaondoa palmitiki yote kwa njia hii, kwa hiyo andika kwenye daftari ni asidi ya namna gani uliyotumia.

## Hatua ya 2: Osha vyombo kupita ulivyozoea

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo watu huharakisha kuliko kwingine.

Sabuni ya vyombo imetengenezwa kwa molekuli za aina ileile unayotaka kuitandaza: mkia na kichwa. Mabaki yake kidogo tu hukimbilia juu ya maji na kuchukua nafasi ya asidi yako. Kama chombo kina uchafu wa mafuta, kioshe kwa sabuni kwanza ikibidi, lakini kisiishie hapo.

Yeyusha gramu 50 za potasiamu hidroksidi ndani ya lita moja ya ethanoli na uloweke vyombo kwa saa 2. Usiviache siku nzima; myeyusho huu unakula kioo, na kioo kilicholika kina mikwaruzo midogo ambayo fuwele huipenda. Kisha suuza, loweka katika asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita kwa nusu saa ili kuondoa kaboneti iliyobaki kutoka majaribio ya nyuma, halafu suuza mara 8 au zaidi kwa maji safi.

Tahadhari. Myeyusho huo unawaka na unaunguza ngozi na macho. Usiingize humo chombo chenye klorofomu: klorofomu na besi kali hupambana kwa joto kali, na kukiwa na asetoni ndani yake mchanganyiko unaweza kulipuka. Klorofomu ikauke kabisa kwanza ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Vaa glavu za nitrili zisizo na unga. Unga wa glavu ni mbegu ya fuwele.

Ukifanikiwa: maji yanatiririka kwenye kioo kama karatasi moja, bila kukatika matone. Pakibaki tone hata moja limejikunja, rudia.

## Hatua ya 3: Yajaribu maji

Jaza nusu ya chupa safi ya kioo, funga, tikisa kwa nguvu. Mapovu yapasuke papo hapo. Yakikawia juu hata sekunde chache, maji yana uchafu wa kikaboni, haijalishi mashine inasoma namba gani. Kipimo cha umeme huona chumvi, mafuta hakiyaoni.

Kisha fanya jaribio la kafuri. Mimina maji kwenye sahani ya pembeni, vunja punje ndogo ya kafuri kwa koleo safi, iweke juu. Kwenye uso safi, punje huanza kukimbia na kuzunguka kwa kasi, kwa sababu kafuri inayoyeyuka hushusha mvutano wa uso upande mmoja na punje kuvutwa upande mwingine. Uso ukiwa na utando wa mafuta, punje hukaa kimya. Gusa maji hayo kwa ncha ya kidole na uone itakavyosimama. Ukishaona hivyo hutarudia kushika ukingo wa sahani kwa mkono mtupu.

Mwaga maji hayo. Kafuri isikaribie sahani za kazi.

## Hatua ya 4: Tengeneza myeyusho wa kalsiamu bikaboneti

Weka gramu 2.5 za kalsiamu kaboneti katika lita moja ya maji. Pitisha kaboni dioksaidi ndani yake kwa saa 2, huku ukikoroga. Gesi ipite kwanza kwenye chupa yenye maji safi ili iache mafuta ya silinda humo. Usitumie gesi ya siki na magadi moja kwa moja. Mvuke wa asidi ya asetiki utaingia nao. Kama huna njia nyingine, ipitishe kwanza kwenye myeyusho wa sodiamu bikaboneti.

Unga mwingi utabaki bila kuyeyuka, na hilo ni sahihi. Kwa nyuzi 25, maji yaliyoshiba kaboni dioksaidi hubeba takriban milimoli 9 za kalsiamu kwa lita, karibu gramu 0.9 za kaboneti. Unga uliobaki unakuhakikishia kwamba maji yameshiba.

Chuja kwa chujio la mikromita 0.2. Baada ya hapo, pitisha gesi tena kwa nusu saa hadi saa moja. Wengi huiruka sehemu hii. Wakati wa kuchuja, gesi kidogo hutoroka na viini vidogo vya fuwele huanza kuzaliwa ambavyo macho hayavioni. Gesi ya mara ya pili inaviyeyusha. Usipofanya hivyo, umekwisha kupanda mbegu chini ya sahani kabla hujatandaza chochote juu.

Pima pH kwenye sampuli uliyoitenga, isomeke karibu na 6. Usichovye elektrodi kwenye flaski ya kazi.

Ukifanikiwa: myeyusho ni mwangavu kabisa. Mulika tochi kutoka pembeni ukiwa kwenye giza. Usione chembe yoyote ikielea.

## Hatua ya 5: Pima kalsiamu iliyomo

Usikisie. Chukua mililita 10, ongeza matone machache ya asidi ya hidrokloriki, chemsha kidogo kufukuza kaboni dioksaidi, poza. Ndipo uongeze sodiamu hidroksidi hadi pH ipite 12, mureksidi kidogo, na utone EDTA kutoka kwenye bureti hadi rangi ya waridi igeuke zambarau. Ukiweka besi bila kufukuza gesi kwanza, kaboneti itaanguka ndani ya flaski na utapata namba ndogo kuliko ukweli.

Kwa EDTA ya moli 0.01 kwa lita, mililita 9.0 ni sawa na milimoli 9 kwa lita.

Sasa punguza hadi milimoli 5 kwa lita kwa kuongeza maji yaliyopitishiwa kaboni dioksaidi. Wanaoshindwa huenda kinyume, wakiongeza kalsiamu ili fuwele zije upesi. Kalsiamu ikizidi, fuwele hazihitaji tena msaada wa utando, zinaanza popote. Milimoli 5 si kidogo hata hivyo, maana maji yaliyotulia na hewa ya kawaida na kalsaiti hubeba kama nusu milimoli tu.

## Hatua ya 6: Andaa asidi ya kutandaza na upige hesabu

Yeyusha miligramu 28.4 za asidi ya steariki katika klorofomu hadi mililita 100 kamili. Umepata milimoli 1 kwa lita. Tumia flaski na sirinji za kioo tu. Klorofomu huyeyusha baadhi ya plastiki na kunyonya vilainishi kutoka nyingine, navyo huishia juu ya maji yako.

Tahadhari. Klorofomu inadhuru ini na inalevya. Ifungue ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mbali na moto na sahani za umeme za moto, kwa sababu ikiungua hutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Mabaki yaende kwenye chupa ya taka zenye klorini, yasimwagwe kwenye sinki.

Hesabu yenyewe ni fupi. Sahani ya kipenyo cha sentimita 9 ina uso wa sentimita za mraba 63.6. Kila sentimita ya mraba hubeba molekuli 5 × 10¹⁴ zilizobanana, ambazo ni nanomoli 0.83. Kwa myeyusho wako, nanomoli moja ni mikrolita moja. Basi:

mikrolita zinazohitajika = eneo la uso kwa sentimita za mraba × 0.83

Kwa sahani hii ni mikrolita 53. Kama sahani yako ina ukubwa mwingine, ipime na ukokotoe upya, usinakili 53.

## Hatua ya 7: Safisha uso, kisha tandaza

Mimina mililita 60 katika kila sahani, taratibu, bila kupiga mapovu. Andaa sahani nne:

- A: utando kamili, mikrolita 53
- B: utando uliolegea, mikrolita 40
- C: klorofomu tupu, mikrolita 53
- D: bila kitu chochote juu

Sahani C na D si za kupunguzwa ukiwa na haraka. Bila C huwezi kujua kama fuwele zimetokana na asidi au na uchafu uliokuwa kwenye klorofomu. Bila D huwezi kujua kama utando umebadilisha chochote.

Kabla ya kutandaza, fyonza uso wa maji kwa ncha ya pipeti ya kioo iliyounganishwa na pampu ya kuvuta, ukipita kutoka katikati kwenda ukingoni. Unaondoa utando wa vumbi na mafuta uliokwisha kutua. Fanya hivyo kwa sahani zote nne, D ikiwemo.

Sasa ishike sirinji karibu na uso, milimita chache juu yake. Toa tone moja, liguse maji, lisubiri lipotee, toa jingine mahali pengine. Tone likianguka kutoka juu huzama, na asidi hubaki ndani ya maji ikiwa bonge. Mwanzoni matone huenea mara moja. Ukikaribia mikrolita 50 yataanza kukawia, kisha moja litabaki limekaa juu mfano wa lenzi ndogo. Hiyo ndiyo dalili kwamba uso umejaa; simama hapo hata kama hesabu ilisema zaidi.

Tone likikawia ukiwa bado kwenye mikrolita 10 au 15, uso ulikuwa na uchafu. Usiendelee. Mwaga, rudi hatua ya 2.

Subiri dakika 15 klorofomu iruke.

## Hatua ya 8: Iachie kaboni dioksaidi itoke polepole

Kinachozalisha fuwele ni kutoroka kwa gesi:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Gesi ikitoka haraka, kalsiamu kaboneti inazidi uwezo wa maji kila mahali kwa wakati mmoja, na utando unapoteza faida yake. Isipotoka kabisa, hakuna kitakachoota. Kwa hiyo usiache sahani wazi, na usiizibe. Ifunike kwa karatasi ya kuchujia iliyokaa juu ya ukingo bila kugusa maji, au filamu ya maabara yenye matundu machache ya sindano. Idadi ya matundu ni usukani wako: ukipata unga chini, punguza, ukikaa siku nzima bila kuona kitu, ongeza. Sahani zote nne ziwe na matundu sawa.

Joto la chumba ni jambo la kuliangalia kwa wenzetu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar. Kwenye nyuzi 30 gesi hukimbia haraka zaidi, na kalsaiti yenyewe, tofauti na chumvi nyingi, huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Vyote viwili vinasukuma upande uleule. Fanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi kati ya nyuzi 20 na 25, lakini upepo wa kiyoyozi usielekee mezani. Pangaboi lizimwe: mawimbi madogo yanauvunja utando na kuusukumia ukingoni. Meza isiwe na friji wala mashine inayotetemeka.

Usisogeze sahani. Kama unataka kuchungulia, weka tochi pembeni na utazame kwa kulalia. Fuwele za kwanza huonekana kama nukta zinazong'aa zilizoshikana na uso. Zinaweza kuanza kuonekana baada ya saa chache.

Vuna sehemu ya kwanza baada ya saa 6, na nyingine baada ya saa 24. Vateraiti ikikaa majini hugeuka kalsaiti taratibu, hivyo anayevuna mara moja tu, tena akiwa amechelewa, anaweza kuandika kwamba utando ulitoa kalsaiti kumbe ameona mwisho wa safari.

Ukifanikiwa: sahani A au B ina nukta nyingi juu, zilizotawanyika uso mzima, na chini kuna chache au hakuna. Sahani D ina fuwele chache juu, na nyingi chini na ukingoni.

## Hatua ya 9: Vuna bila kuzichanganya

Amua kwanza unataka kuona upande gani wa fuwele.

Kuona upande uliogusana na utando: ingiza kioo chembamba majini kwa pembeni, kilaze chini ya uso, kipandishe taratibu kikiwa bapa. Fuwele hukaa juu ya kioo na upande wa utando ukitazama juu.

Kuona upande uliokua kuelekea majini: gusa uso kutoka juu kwa kioo kilichopakwa silani, kemikali inayokifanya kikimbie maji, kisha kigeuze. Mikia ya asidi hushika kioo na fuwele huning'inia.

Andika mara moja njia uliyotumia. Picha nzuri ya hadubini ambayo hujui inaonyesha upande gani haina kazi.

Nyonya maji kwa kona ya karatasi ya kuchujia, suuza kwa tone la ethanoli, acha ikauke. Usisuuze kwa maji matupu. Yatalainisha kingo za fuwele na kukupotosha kuhusu umbo.

## Hatua ya 10: Soma ulichopata

Anza na hadubini ya kawaida. Kalsaiti iliyojiotea bila mwongozo ina umbo kama mchemraba ulioegemea, wenye nyuso sita, kila uso ukiwa msambamba, na hupenda kulalia mojawapo ya nyuso hizo. Zilizoongozwa na utando hufanana zenyewe kwa zenyewe: zote zimeelekeza upande uleule juu, hata kama kila moja imezunguka kivyake. Kuzunguka huko si kasoro. Utando una maeneo mengi madogo, na kila eneo limeelekea kwake. Vateraiti mara nyingi huja kama visahani au maua.

Kwenye polaraizi iliyopishanishwa, zungusha meza ya hadubini. Fuwele inayobaki nyeusi mzunguko mzima imesimamisha mhimili wake mkuu kuelekea kwako. Nyingi zikifanya hivyo pamoja, una ushahidi wa mwelekeo bila kutumia mashine kubwa.

Kama chuo chako kina FTIR (mashine inayotambua kemikali kwa mwanga wa infraredi), tafuta mstari wa 712 kwa sentimita kwa kalsaiti na 745 kwa vateraiti. Mistari ya 2850 na 2918 ni mikia ya asidi, usiihesabu kuwa uchafu.

Kwa mtawanyo wa eksirei zitokanazo na shaba, kalsaiti ina kilele kikuu kwenye pembe (2θ) ya nyuzi 29.4. Hapa kuna mtego. Kwa kuwa kalsaiti isiyoongozwa hupenda kulalia uso huohuo unaotoa 29.4, kuona kilele hicho peke yake kikiwa kirefu si ushahidi kwamba utando ulifanya kazi. Kinachoshawishi ni 29.4 kufifia na kilele kingine, mathalani cha 23.0 au 36.0, kuinuka kwenye sahani A au B, wakati D haionyeshi hivyo. Vateraiti itajitambulisha kwa 24.9, 27.1 na 32.8.

## Ukikwama

Unga mwingi chini, juu kutupu. Gesi inatoka haraka au hukupitisha gesi mara ya pili. Punguza matundu kwanza, maana ni rahisi. Kisha rudi hatua ya 4.

Sahani C inafanana na A. Uso una mafuta ya mahali pengine. Dondosha klorofomu yako kwenye kioo safi, iache ikauke: ikiacha alama, ibadilishe. Isipoacha, tuhumu sirinji.

Fuwele ziko juu lakini kila moja na umbo lake. Utando upo ila haujatulia, au una mchanganyiko wa asidi. Linganisha A na B. Mara nyingine utando uliolegea kidogo hutoa fuwele zinazofanana zaidi kwa sababu molekuli zina nafasi ya kujirekebisha. Jaribu pia 45 na 50.

Vipande vyeupe laini vinavyoelea, visivyong'aa kwenye polaraizi kama fuwele. Hiyo ni asidi iliyozidi, imejikunja. Punguza mikrolita 5.

Duara la ukoko ukingoni. Kioo kimechakaa. Hakuna kuosha kutakakokisaidia, kibadilishe.

Badilisha jambo moja tu kwa kila duru, na uweke sahani D kila mara. Fuwele za A zikishatoka sawa mara mbili mfululizo, weka oktadekanoli mahali pa asidi, kwa mikrolita zilezile. Mkia wake una urefu uleule, ila kichwa hakina chaji. Mwelekeo ukipotea hapo, utakuwa umeonyesha kwa mikono yako kwamba kilichoziongoza fuwele ni vile vichwa vya kaboksili, si kuwepo tu kwa utando juu ya maji.